Siku Uliyoingia

Ukimwandikia bosi WhatsApp saa nne na dakika kumi, kisha ukagundua umeandika "nakupenda" ulipotaka kuandika "nakupata", una dakika 15 za kujiokoa. Ukisharekebisha, saa haibadiliki. Ujumbe unabaki wa saa nne na dakika kumi, ila kunaongezeka neno dogo la kusema kwamba umehaririwa. Hakuna anayeshangaa. Ujumbe ulizaliwa pale ulipozaliwa, na kuupiga pasi baadaye hakuufanyi uzaliwe upya.

Sisi tunaoandika programu ili tulipe kodi ya nyumba tunalijua jambo hili kwa majina mawili: created_at na updated_at. Ukianza mradi kwa Rails au Laravel, safu hizo mbili hukujia zenyewe kabla hata hujaamua unajenga nini. Ya kwanza inasema rekodi ilianza lini. Ya pili inasema iliguswa mara ya mwisho lini. Ya pili hubadilika kila mara, kama hali ya hewa ya Limuru. Ya kwanza inaandikwa mara moja, na baada ya hapo haifai kuguswa na mtu yeyote, hata mwenye kampuni.

Sheria yenyewe ni hiyo tu. Ni fupi mno kiasi kwamba hakuna anayeona haja ya kuifundisha, na nadhani ndiyo maana inavunjwa sana.

Sasa, kwa nini mtu ambaye haandiki programu ajali? Kwa sababu hapa kwetu muda ni dhamana. Mtu asiye na hati ya shamba wala hati ya mshahara bado ana kitu kimoja cha kuonyesha: amekaa. Amekuwa kwenye chama miaka sita bila kuruka mchango. Amepanga kwa landilodi mmoja tangu mtoto wake wa kwanza aingie chekechea. Amenunua kwa duka lile lile mpaka anakopeshwa unga bila maswali. Na kwenye Sacco nyingi hukopi siku unayojiunga. Unaweka akiba kwanza kwa miezi kadhaa, mara nyingi sita, ndipo fomu ya mkopo inakufungukia. Mfumo unaihesabu miezi hiyo kuanzia wapi? Kuanzia ile tarehe.

Niliielewa vizuri Januari mwaka jana, kwenye kaunta ya Sacco moja ya Nairobi ambayo wanachama wake wengi ni watu wa soko. Kampuni niliyokuwa naifanyia kazi ndiyo iliyokuwa imewajengea mfumo, na mimi nilitumwa kuwaonyesha makarani ripoti mpya. Mbele yangu alikuwa mama mmoja anayeuza mitumba, amekuja kuomba mkopo wa karo.

"Mama, sistimu inasema umejiunga Jumanne," karani akamwambia.

"Jumanne gani?"

"Hii imepita."

Akafungua pochi akatoa kadi ya uanachama, ya njano, kona zake zimelainika kama kitambaa. Muhuri ulisema 2017.

"Hii ni muhuri yenu ama si yenu?"

"Ni yetu, mama. Lakini sisi tunaangalia sistimu."

Hakupiga kelele. Aligeuka akaniangalia mimi, kwa sababu nilikuwa na laptopu. "Kijana, wewe ndiye wa kompyuta? Hebu niambie, mimi nimezaliwa Jumanne?"

Kilichotokea Jumanne kilikuwa hiki: alikuwa amekuja kubadilisha nambari ya simu. Simu yake ilikwapuliwa Muthurwa akipanda matatu. Laini ilikuwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha kaka yake, na kaka yake yuko Qatar, kwa hivyo hakuweza kuirudisha, akanunua nyingine. Jumbe zake zote za M-Pesa zilienda na simu hiyo, pamoja na ule wa ada ya kujiunga. Ushahidi wa mfukoni ukaisha hapo. Ukabaki ushahidi wa Sacco, na Jumanne hiyo karani alipobadilisha tarakimu kumi tu za simu, nao ukafutika.

Jioni hiyo nilifungua msimbo. Programu iliyokuwa kwenye simu za makarani, ukibadilisha chochote, ilikuwa inatuma kwa seva rekodi nzima ya mwanachama kwa njia ya PUT: jina, nambari ya kitambulisho, simu, soko, mrithi. Rekodi nzima isipokuwa tarehe ya kuanza. Tarehe hiyo haikuonekana kwenye skrini, na kisichoonekana kwenye skrini simu haikujisumbua kukibeba.

PUT ina maana yake. Kwa kanuni za HTTP, PUT ni kusema: kilichoko hapa kitoe, weka hiki. Ni kama kubomoa nyumba na kujenga nyingine kwenye ploti ile ile. PATCH, ambayo ilipata kanuni zake rasmi mnamo 2010, ni fundi aliyeitwa kubadilisha kitasa: anabadilisha kitasa, analipwa, anaenda zake. Wengi wetu tunaita PUT kwa kazi ya kitasa. Inawezekana, mradi anayejenga upya akumbuke kurudisha kila kitu kingine pale kilipokuwa.

Seva ilikuwa imeandikwa kwa Java, na Hibernate ndiyo iliyokuwa ikiongea na hifadhidata. Ikipokea rekodi yenye nambari inayojulikana, iliibandika nzima juu ya ile ya zamani. Tarehe haikuja? Basi tarehe ni tupu. Hapo hifadhidata ilifanya kazi yake vizuri kabisa: ilikataa. Safu hiyo ilikuwa imekatazwa kuwa tupu, kwa hivyo karani akaona maandishi mekundu. Hiyo ilikuwa bahati, nasema kweli. Maandishi mekundu ni rafiki anayekushika mkono kabla hujavuka barabara.

Lakini mtu fulani, muda mrefu kabla sijaajiriwa, alipewa kazi ya kuyaondoa maandishi mekundu. Git ina amri inayoitwa blame, inayokuonyesha nani aliandika mstari gani na lini. Mstari ulisema: tarehe ya kuanza ikiwa tupu, weka saa ya sasa. Uliandikwa Ijumaa, saa moja na dakika arobaini jioni, na maelezo yake yalikuwa maneno mawili: kosa limeisha. Na kweli lilikuwa limeisha. Karani alibadilisha simu ya mtu, skrini ikaonyesha alama ya kijani, kila mtu akaenda nyumbani. Tangu siku hiyo, kila mwanachama aliyerekebishiwa herufi moja ya jina alizaliwa upya bila hata kubatizwa.

Sikuweza kumkasirikia. Ijumaa, saa moja jioni, Waiyaki Way imefungana, na meneja anauliza kila baada ya dakika tano kama imekaa sawa. Aliambiwa aondoe kosa. Hakuna aliyemuuliza kosa lilikuwa linalinda nini.

Kilichoniuma ni kingine. Git yenyewe hutunza tarehe mbili kwa kila badiliko: siku lilipoandikwa, na siku lilipowekwa mahali lilipo sasa. Ukilihamisha baadaye kwa njia za kawaida, ya pili inabadilika na ya kwanza inabaki. Chombo chetu wenyewe, cha kubishania nani aliandika mstari gani, tumekipa heshima hiyo. Mama wa mitumba hatukumpa.

Si kwamba fani hii imewahi kujali sana siku za kuzaliwa. Unix kwa miaka mingi ilitunza saa tatu kwa kila faili: ya kusomwa, ya kubadilishwa maandishi yake, na ya tatu iitwayo ctime. Wengi huamini ctime ni saa faili ilipoumbwa. Siyo. Ni saa taarifa za faili zilipobadilika mara ya mwisho, hata kama umebadilisha ruhusa tu. Kwenye Linux tulingoja hadi toleo la 4.11, mwaka 2017, ndipo programu zikapata njia ya pamoja ya kuuliza faili ilizaliwa lini. HTTP nayo ina kichwa cha kutaja ukurasa ulibadilishwa lini, Last-Modified. Cha kutaja ulianza lini hakimo miongoni mwa vile vya kawaida. Jaribu pia kunakili faili ya zamani kwenye Windows kwenda kwa flashi. Utaiona imebadilishwa mwaka juzi na kuumbwa leo. Imezeeka kabla ya kuzaliwa, na hakuna anayepiga simu kulalamika.

Watu wazima wa kwetu wanaijua hali hii bila tarakilishi. Nyanya yangu, kwa mujibu wa kitambulisho, alizaliwa tarehe 1 Januari. Dada yake pia, 1 Januari. Majirani wao watatu, 1 Januari. Ukisoma vitambulisho vyao utadhani kijiji kizima kilikuwa leba usiku wa mwaka mpya. Karani hakuwa na siku, fomu ilitaka siku, akaandika ya kwanza iliyomjia.

Tarakilishi nazo zina 1 Januari yao. Mifumo mingi huhesabu muda kwa sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970 kwa saa ya UTC, na kwa kuwa sisi tuko saa tatu mbele, sifuri ikionyeshwa Nairobi inasomeka tarehe 1 Januari 1970, saa tisa usiku. Ukiona mfumo unadai ulijiunga saa hiyo, ujue hakuna aliyekuwa macho kukupokea. Ni sifuri imevaa suti. Na kusema ukweli, naipendelea 1970 kuliko ile Jumanne. 1970 ni uongo unaojitangaza, hata karani aliyechoka ataushtukia. Jumanne inafanana na ukweli. Ina mwaka wa juzi, ina saa ya kazi, inakaa kwenye skrini kama kitu kilichotokea.

Ofisini asubuhi iliyofuata, meneja alitaka kazi fupi. "Bro, badilisha ya huyo mathe kwa mkono, tuendelee." Nikamwambia sawa, lakini kwanza niiulize hifadhidata swali moja. Swali lilikuwa hili: nionyeshe wanachama waliochanga kabla ya kujiunga.

Wueh. Orodha ilishuka mpaka nikachoka kuisogeza. Kulikuwa na watu waliokuwa wameweka akiba miaka mitano kabla ya kuwepo. Mtu mmoja alikuwa amekopa, akalipa, akakopa tena, akalipa, halafu ndipo akajiunga. Meneja alisoma majina ishirini hivi ya kwanza akavuta kiti.

Orodha hiyo iliwezekana kwa sababu michango ilikuwa kwenye jedwali lingine, na jedwali hilo lilijengwa kwa adabu ya kihasibu: kitu hakifutwi, kinaongezewa kingine. Ukitaka kurudisha pesa M-Pesa huoni muamala wa kwanza ukitoweka. Unapata mwingine wenye nambari yake na saa yake, na wa kwanza unabaki pale pale ukikuangalia. Vitabu vya zamani vya Sacco vilikuwa hivyo pia. Mtu akikata tarehe kwa wino, mkwaruzo unaonekana na mtu atauliza nani amekwaruza. Skrini haina kovu. Ndiyo maana karani wa watu aliiamini kuliko kadi ya njano, na mimi simlaumu, kwa kuwa tumetumia miaka kuwafundisha makarani kwamba karatasi hudanganya na tarakilishi haidanganyi.

Kuziba tundu kulichukua siku mbili. Tarehe ya kuanza tuliiondoa kwenye kila kinachopokelewa kutoka nje, kwa hivyo hata simu ikiituma, seva haiisomi. Hakuna kanuni ya HTTP inayoilazimisha seva kumwamini mtumaji kwa kila kitu. Seva ikafundishwa kuleta kwanza rekodi ya zamani, ibadilishe yaliyotajwa, iache mengine. Safu ikawekewa updatable = false, maneno yanayoikataza Hibernate kuigusa tena baada ya siku ya kwanza. (Wanaotumia Django wana mtego wao: auto_now_add na auto_now zinatofautiana kwa neno moja, na ukichukua isiyofaa, kila ukihifadhi rekodi inazaliwa leo.) Halafu, kwa sababu siku moja mtu ataandika programu nyingine kwa lugha nyingine na kuingia kwa mlango wa nyuma, tukaweka mlinzi ndani ya hifadhidata yenyewe: sasisho lolote linalojaribu kuisogeza tarehe hiyo linagonga ukuta, na maandishi mekundu yanarudi. Ule mstari wa Ijumaa tuliufuta.

Nilidhani kazi iliyobaki ni kurudisha tarehe zilizopotea, na kwamba ingekuwa rahisi: chukua mchango wa kwanza wa kila mtu, weka siku hiyo. Nikaanza na mama wa mitumba. Mchango wake wa kwanza kwenye mfumo ulikuwa wa 2019. Kadi yake ilisema 2017.

Kadi ilikuwa sawa, na mfumo pia ulikuwa sawa. Sacco ilikuwa ikitumia vitabu hadi 2019, mwaka ambao wanachama wote wa zamani waliingizwa kwenye tarakilishi kwa wiki chache. Hata kama mstari wa Ijumaa usingeandikwa kamwe, created_at ya mama huyo ingesema 2019, na ingekuwa kweli: hiyo ndiyo siku tarakilishi ilipomjua. Yeye alikuwa ameanza kuweka akiba miaka miwili kabla tarakilishi haijasikia jina lake.

Hapo ndipo nilipoona kwamba mfumo ulikuwa umebebesha tarehe moja mizigo miwili. Siku rekodi ilipoundwa ni habari za hifadhidata. Haina ruhusa ya kubadilika kwa sababu yoyote, kwani hakuna anayeweza kurudi kuiunda upya. Siku mtu alipojiunga ni habari za mtu. Hiyo inaweza kuandikwa vibaya, na ikiandikwa vibaya ana haki ya kudai irekebishwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mwananchi haki hiyo ya kusahihishiwa taarifa zake zisizo za kweli. Kwa hivyo tukaongeza safu nyingine, siku ya kujiunga, inayobadilishwa kwa ushahidi na kwa saini ya watu wawili, na thamani ya zamani inahifadhiwa pamoja na jina la aliyeibadilisha. Kovu, kwa maneno mengine. Tuliichelewesha wiki nzima kwa kubishana kama neno liwe "kujiunga" au "kusajiliwa", na mpaka leo naona wiki hiyo haikupotea.

Makarani wawili walikaa na vitabu vya zamani wakisoma majina kwa sauti, mmoja akisoma, mwingine akiandika, vumbi likiwatoa machozi. Mimi niliwaletea chai na kusikiliza. Kulikuwa na watu wa 2004, wa 2011, kulikuwa na mume na mke waliojiunga siku moja kwenye mstari mmoja.

Mkopo wa mama ulipita wiki tatu baadaye. Karo alikuwa ameshalipa. Alikopa kwa mtu wa soko anayetoza riba kwa wiki. Alipokuja kuchukua pesa alimwonyesha karani kadi ya njano tena, hata kabla hajaulizwa, akaniambia hataitupa hata wakimpa ya plastiki. Riba ya wiki tatu alimlipa yule mtu wa soko kutoka kwa mkopo huo huo. Hiyo hakuna safu yake popote.

Walibaki wachache ambao hawakuwa na mchango wa zamani wala jina kwenye kitabu kinachosomeka. Yao tuliiacha tupu kwa makusudi, na skrini ikamwambia karani: muulize mwanachama. Nilikuwa pale siku mzee mmoja, fundi wa viatu, alipoulizwa.

"Kadi yangu ilienda na maji, yale mafuriko ya 2024," akasema. "Lakini niliingia mwaka wa El Niño."

"97 ama 98, mzee?"

Mzee akafikiria. "Mvua ilikuwa bado haijaisha."

Karani akaandika 1998. Kisha kidole chake kikasimama juu ya kibodi, maana fomu ilikuwa inataka mwezi na siku, akanigeukia.